Mtu wa Nyuma

Msimu wa miwa ukipamba moto, trekta kwenye barabara ya Ahero kwenda Awasi husikika kabla halijaonekana. Likijitokeza, kinachoonekana kwanza si trekta bali shehena: miwa iliyolundikwa mpaka trela limeshiba, imetokeza pande zote mbili kama nywele zisizojua kitana, mingine ikiburuta vichwa vyake kwenye lami. Dereva ana kioo kimoja cha pembeni, kikubwa kidogo kuliko kiganja, kimefungwa kwa blada kwenye chuma kinachoshikilia paa. Kioo hicho humwonyesha miwa, na miwa tu. Kwamba nyuma yake kuna basi la Kericho lenye haraka, bodaboda wawili wanaovizia nafasi na watoto wa shule wanaochomoa miwa huku wakikimbia, hayo anayapata kwa kijana aliyeketi juu ya madigadi, mgongo kwa dereva, uso kwa walimwengu. Kijana akigonga bati mara mbili, trekta husogea kushoto. Akigonga mara moja, hukaa palepale.

Kule Uingereza, mtu anayetaka kuvuta nyumba yake ya likizo nyuma ya gari dogo hukutana na tatizo hilohilo, ila yeye huenda dukani. Karavani lake ni pana kuliko gari, kwa hiyo vioo vilivyokuja na gari havitoshi; ni lazima aongeze vioo vya mkono mrefu. Huko kumewekwa hata vipimo: dereva aone eneo la upana wa mita 4 kutoka ubavuni mwa karavani, kwa umbali wa mita 20 nyuma ya dereva mwenyewe, na kioo chenyewe kisitokeze zaidi ya milimita 250 nje ya ubavu wa kile kinachovutwa. Mnunuzi hubaki kuchagua tu. Kioo bapa au cha mbinuko? Cha kubanwa kwa skrubu au cha kufungwa kwa mikanda?

Kisumu si mji wa kuvuta nyumba. Kwenye ufuo wa Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita Ziwa Viktoria, watu huvuta miwa, mafuta ya petroli, samaki waliozikwa kwenye barafu, mitumbwi na makontena. Lakini hesabu haibadiliki: kinachovutwa ni kipana na kirefu kuliko kinachovuta, na anayeongoza haoni mkia wake. Kwa zaidi ya miaka 100 jibu la Kisumu kwa hesabu hiyo limekuwa mtu. Historia ya mtu huyo haijaandikwa sana, labda kwa sababu waandishi nao huketi mbele. Ukiifuata tangu enzi za msafara mpaka kwenye trekta la Ahero, utaona jambo moja linalosumbua: kazi yake haijapungua hata chembe, lakini cheo chake kimeshuka hatua kwa hatua.

Tuanze na neno lenyewe. Karavani, kabla halijawa nyumba yenye magurudumu, lilikuwa neno la Kiajemi lenye maana ya msafara wa wafanyabiashara, na misafara ndiyo iliyoufungua ufuo huu kwa pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa walifika Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, wakitafuta pembe za ndovu, na kituo chao kikuu kilikuwa kwa mfalme Mumia, mahali panapoitwa Mumias leo, si Kisumu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umasai akiandamana na mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, alifika huko mwaka 1883.

Msafara wa aina hiyo ulikuwa na mbele na nyuma, na kila upande ulikuwa na mwenyewe. Mbele alitembea kirangozi, amejipamba, akibeba bendera, naye ndiye wasafiri wa Kizungu waliyependa kumchora vitabuni. Nyuma walikuwa wanyapara. Hao ndio waliojua nani amechechemea, nani ametua mzigo chini ya mti akijifanya mgonjwa, na nani ametoroka na jora la merikani begani. Safu ya watu mia kadhaa wanaopita mmoja mmoja kwenye kijia chembamba inaweza kunyooka kilomita nzima na zaidi. Kirangozi akifika kambini, wa mwisho bado yuko njiani. Kama mkia ungekosa mtu mwenye mamlaka, msafara ungefika umegawanyika nusu. Kwa hiyo mnyapara alikuwa mtu mzima, mwenye bunduki, mwenye ujira unaoshinda wa mpagazi kwa mbali. Leo neno mnyapara limebaki kwa msimamizi wa vibarua na wa wafungwa, lakini asili yake ni heshima ya mtu aliyeaminiwa kutembea nyuma.

Kisha likaja gari la moshi, na mkia ukawa wa chuma.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901. Msumari wa mwisho ulipigwa na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, na kwa muda mahali hapo paliitwa Port Florence. Ajabu ndogo ya kisheria: siku hiyo Kisumu ilikuwa bado ndani ya himaya ya Uganda. Ilihamishiwa upande unaoitwa Kenya leo tarehe 1 Aprili 1902, kwa hiyo Reli ya Uganda, ambayo watu wengi hushangaa kwa nini iliitwa hivyo wakati imeishia Kenya, ilikuwa imefika Uganda kweli. Katika miaka hiyo ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley, aliyekuwa akitawala kutoka Mumias, alihamishia makao yake Kisumu, na njia ya misafara ikaanza kuota nyasi.

Treni kushuka Kisumu si mchezo. Reli hupanda mpaka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, halafu hushuka kupitia Londiani, Fort Ternan na Muhoroni mpaka kwenye ziwa lililo kwenye mita 1,134 hivi. Katika mteremko huo kinachotisha si kichwa cha treni. Ni behewa litakalokatika katikati. Dereva aliye mbele, kwenye kona za milimani, haoni mabehewa yake yote, na usiku haoni hata moja. Kwa hiyo nyuma kabisa, kwenye behewa lake peke yake, alikaa gadi.

Gadi hakuwa msindikizaji. Alikuwa na breki yake, filimbi, saa, bendera nyekundu na ya kijani kwa mchana, na taa kwa usiku. Treni haikuondoka kituoni mpaka yeye aridhie. Nyuma ya behewa lake kulining'inia taa ya mkia, na hiyo ilikuwa na maana zaidi ya mwanga: mkuu wa stesheni alipoiona ikipita, alijua treni imepita nzima. Treni iliyopita bila taa ya mkia ilikuwa treni iliyoacha kitu njiani, na hakuna treni nyingine iliyoruhusiwa kuifuata mpaka kieleweke. Ni mfumo mzuri ajabu. Badala ya kumpa dereva kioo, reli iliwapa watu wa pembeni mwa njia kazi ya kuutazama mkia kwa niaba yake. Mwanzoni kazi ya ugadi ilishikwa kwa wingi na watu waliotoka Bara Hindi. Waafrika waliipata baadaye, na aliyeipata alivaa sare, alipanga nyumba ya reli na aliamkiwa na majirani.

Ziwani nako kulikuwa na kuvuta. Meli ya kwanza ya mvuke ya Kisumu, SS William Mackinnon, ilitengenezwa Paisley, Uskoti, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Mombasa na kusafirishwa bara. Sehemu ya vipande hivyo ilisafiri vichwani mwa watu kabla reli haijafika. Iliungwa upya Kisumu na kuingia majini mwaka 1900. Baada yake zilifuata Winifred na Sybil, na kufikia 1913 kulikuwa na SS Kavirondo, meli ndogo ya kuvuta. Kazi yake ilikuwa kuburuta matishali yaliyojaa pamba, ngozi na mahindi. Tishali halina injini wala breki. Meli ikipunguza mwendo, tishali huendelea kuja. Upepo wa Ghuba ya Winam ukigeuka, hulala upande na kutaka kuigeuza meli nalo. Ndiyo maana mvutaji wa majini hupangiwa baharia wa kukaa tezini akiilinda kamba, kwa kuwa nahodha hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Barabarani ndiko kioo kilikoingia, na hadithi yake inaanzia mbali na Kisumu.

Tarehe 30 Mei 1911, mjini Indianapolis, Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya magari ya maili 500, yaani kama kilomita 805. Kila gari, isipokuwa moja, lilibeba watu 2: dereva, na fundi aliyeketi kando yake akipampu mafuta na kumwambia nani anakuja nyuma. Ray Harroun alikuja na gari la kiti kimoja, Marmon Wasp. Wenzake walipinga. Bila fundi, walisema, atawagonga wenziwe kwa kutoona. Harroun akafunga kioo cha upana wa sentimita 20 hivi juu ya usukani, akaruhusiwa, akashinda kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 120 kwa saa. Hadithi hupenda kuishia hapo, kwenye ushindi wa kioo dhidi ya mtu. Lakini ina mikia miwili. Wa kwanza: Harroun mwenyewe alikiri baadaye kwamba uwanja ule, uliotandazwa matofali, ulikitikisa kioo hata hakuona kitu. Wa pili: kuanzia mwaka uliofuata waandaaji waliamuru kila gari libebe fundi, na amri hiyo ikadumu mpaka 1922.

Harroun hakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, dereva wa mashindano wa Uingereza, aliwashauri wanawake wenye magari wabebe kioo cha mkono, wakiinue mara moja moja waone kilicho nyuma. Hata karavani la kwanza la starehe, Wanderer la Dokta William Gordon Stables, lililotengenezwa Bristol mwaka 1885 na kuvutwa na farasi wawili, lilitegemea mtu: mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu akiwaonya wenye njia kwamba kuna jambo pana linakuja.

Malori yaliyoanza kupita Nyanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kuongezeka sana baada ya vita vya pili, yalikuja na vioo na pia na mtu. Mtu huyo Kenya huitwa taniboi. Tanzania ni utingo. Wazee wa barabara husema jina taniboi lilitokana na kazi yake ya kwanza alfajiri, kulizungusha hendeli la chuma mbele ya injini mpaka lori likohoe na kuwaka. Stata ya umeme ilipokuja, hendeli likaingia chini ya kiti, lakini taniboi hakushuka.

Hakushuka kwa sababu kazi zake nyingine hazikuwa na mashine. Lori likisimama kwenye mlima wa Kericho, yeye huruka na jiwe kabla gurudumu halijaanza kurudi. Kila kituo huzunguka akipiga tairi kwa rungu, akisikiliza: tairi zima hutoa mlio mkavu, lililoishiwa upepo huitika kama gunia. Usiku hulala juu ya mzigo. Lori likiharibika, hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani, la kwanza mbali, la pili karibu, ili anayekuja nyuma apunguze. Serikali inataka pembetatu za kung'aa, na malori mengi huzibeba, lakini dereva yeyote wa Afrika Mashariki akiona tawi bichi limelala kwenye lami mguu wake huenda kwenye breki kabla akili haijamwambia kwa nini.

Kisha kuna upande wa kushoto. Kenya huendesha kushoto, usukani uko kulia, na lori linapokata kona kuingia Kondele au linapojibanza kupita Oginga Odinga Street, hatari iko mahali dereva alipo mbali napo: kule mikokoteni inakopenya, baiskeli zinakopenya, mtu anakoshuka ukingoni mwa barabara akiangalia simu. Kioo cha kushoto kipo, na madereva wenyewe hukiita kioo cha upande wa taniboi. Jina hilo linaeleza kila kitu. Kichwa cha taniboi kiko nje ya dirisha, mkono unagonga mlango. "Huko kwako?" "Bado. Bado. Haya, pita!" Lori likirudi nyuma, lugha hubadilika na kuwa wimbo wa maagizo, Kiswahili kikichanganyika na Kijaluo: rudi, rudi, kata kulia, chien kidogo, nyoosha, hapo!

Mfananishe sasa na waliomtangulia. Mnyapara alikuwa na bunduki. Gadi alikuwa na sare na saa. Taniboi, kwa kawaida, hana barua ya kazi. Hulipwa na dereva au na mwenye lori kwa safari, na lori likikosa mzigo naye amekosa. Ndoto yake ni usukani. Madereva wengi wazuri wa njia ya Busia walijifunza wakiwa mataniboi, wakiwasha injini asubuhi, wakisogeza lori mita 10 kwenye yadi, hadi siku dereva alipougua. Kwa hiyo upande wa kushoto wa lori ulikuwa pia shule, na ada yake ililipwa kwa kulala juu ya magunia.

Wenzao wa matatu walikuwa na bahati kidogo. Matatu, zilizopata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu, ziliruhusiwa rasmi mwaka 1973, na makanga wake alining'inia mlangoni, jicho moja kwa abiria na jingine kwa barabara ya nyuma. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutumika Februari 2004, makanga aliamriwa kuvaa sare ya rangi ya damu ya mzee na dereva ya bluu iliyokoza. Ghafla mtu wa nyuma wa matatu akawa na vazi tena, kama gadi. Sheria hizo zilikuwa za magari ya abiria. Taniboi wa lori hazikumgusa.

Hakuna mahali ambapo mtu wa nyuma na kioo vimegombana kama kwenye miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza Miwani, mashariki mwa Kisumu, mwaka 1922. Jina hilo ni zawadi kwa yeyote anayeandika juu ya kuona. Kiswahili kinaweza kulisoma kwa njia mbili: miwani ya machoni, au miwani kwa maana ya penye miwa. Baadaye vilifuata Muhoroni, mwaka 1966, na Chemelil, mwaka 1968, na uwanda wa Kano ukawa wa kijani mpaka kwenye kuta za milima ya Nandi. Kila bua la muwa lililokatwa lilipaswa kufika kiwandani upesi, kwa kuwa sukari yake huanza kupotea tangu panga linapopita. Upesi huo ndio unaojaza trela kupita kiasi.

Trekta si chombo cha barabarani. Limetengenezwa kwa shamba, ambako dereva hugeuza shingo kutazama jembe lililo nyuma yake, na hakuna basi shambani. Likitoka barabarani na trela, shingo haitoshi. Hapo mafundi wa jua kali wakaingia kazini, na anayetaka kujua namna kioo cha mkono mrefu kinavyochaguliwa Nyanza aende kwao, mathalani Kibuye, ambako chuma hugongwa kando ya soko kubwa la Jumapili.

Fundi haulizi kuhusu milimita 250. Huuliza: unavuta nini? Ukisema miwa, huchukua bomba, hulipasha moto na kulipinda ili mkono utoke nje ya shehena, halafu huangalia kama utapita kwenye lango la kiwanda. Hapo ndipo penye ubishi. Mkono mfupi haupiti miwa. Mrefu hugonga tawi, mlingoti wa stima, au kioo cha lori linalokuja. Kwa hiyo wengi huwekewa bawaba ili kioo kikigongwa kikunjike badala ya kuvunjika, na blada ya kukirudisha mahali pake. Kioo chenyewe kinaweza kuwa cha Fuso lililochakaa, au kimekatwa kwa almasi kutoka kwenye kioo cha kujitazamia cha nyumbani. Hiki cha nyumbani ni bapa: basi lililo mita 50 huonekana liko mita 50, ila unaona kipande chembamba tu cha dunia. Cha mbinuko huonyesha uwanja mpana, kuanzia gurudumu la trela mpaka mtaro, lakini husogeza kila kitu mbali. Basi linaloonekana mbali limeshafika. Madereva wenye busara huweka vyote viwili, bapa juu na cha mviringo chini yake, na hujizoeza kutokiamini cha chini kwa habari ya umbali.

Adui mkubwa ni yuleyule wa Harroun, mtikisiko. Barabara za ndani ya mashamba ni za udongo mweusi wa mfinyanzi; kiangazi hukauka na kupasuka, masika hugeuka uji, na matairi huchonga mitaro inayokauka tena ikiwa hivyohivyo. Injini ya trekta nayo hutetemeka peke yake. Fundi hukata kipande cha tyubu na kukiweka kati ya chuma na chuma, hukaza nati mbili badala ya moja, na kumwambia mteja arudi baada ya wiki akaze tena. Mteja harudi. Baada ya mwezi kioo kinaonyesha matope na anga, na kijana yuko palepale juu ya madigadi.

Mahali pale ni pabaya. Ni karibu na gurudumu kubwa kuliko yeye, hakuna mkanda, na usingizi wa zamu ya usiku hauna adabu. Trela bovu lisilo na taa, limesimama gizani barabara ya Awasi, limekuwa kaburi la wenye pikipiki zaidi ya mmoja, na mara nyingi anayesimama nyuma yake akipunga tochi ya simu ni kijana huyo huyo. Kwa kipimo chochote hiyo ni kazi ya gadi. Tofauti ni kwamba gadi alikuwa na taa ya kampuni.

Mjini kwenyewe kioo kimepata maisha ya ajabu zaidi. Kwenye magari madogo kimekuwa mali inayotembea: wenye magari huchora namba za usajili kwenye kioo chenyewe, ili mwizi akikichomoa kwenye foleni asipate soko. Kwenye pikipiki mambo yamegeuka. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda za injini zilifurika Kisumu na kuzifukuza baiskeli zilizokuwa zimetawala mji kwa viti vyao vya sponji. Pikipiki mpya huja na vioo viwili. Baada ya muda utaona waendeshaji wengi wamevitoa, au wamevigeuza ndani, kwa maelezo kwamba vinazuia kupenya kati ya magari. Dereva wa trekta anatafuta kioo kinachotoka nje zaidi. Mwenye boda anatafuta namna ya kukiingiza ndani. Wawili hao hukutana kila siku Ahero. Na kwenye boda mtu wa nyuma ni abiria. Ndiye anayeambiwa, "Madam, niangalizie huko nyuma."

Kwa miaka mingi mataniboi na makanga wa Kisumu walikuwa na mahali pao pa kupumzikia, ufuoni Lwang'ni, ambapo magari yaliingizwa hadi maji yakafika kwenye magurudumu, yakaoshwa ziwani huku samaki akikaangwa hatua chache juu. Walisugua vioo kwanza. Vibanda vya Lwang'ni vilibomolewa mwaka 2019, bandari ilipoanza kufufuliwa, na uoshaji ukahamia kwingine.

Bandari hiyo ndiyo inayohifadhi sura ya kale ya kazi hii. Katikati ya miaka ya 1960 shirika la reli la Afrika Mashariki lilileta MV Uhuru na MV Umoja, meli zenye reli juu ya sitaha, ili mabehewa yavuke ziwa bila kupakuliwa. MV Uhuru ililala gatini kwa zaidi ya miaka 10, ikarudi kazini mwaka 2019 kubeba mafuta kwenda Port Bell, Uganda. Nyingine, MV Uhuru II, imejengwa hapohapo Kisumu. Upakiaji haujabadilika. Kichwa cha treni hakiingii melini. Husukuma mabehewa kutoka nyuma, dereva akiwa upande wa mbali kabisa, macho yake yamezibwa na safu ya matangi. Haioni meli. Haoni maji. Anachokiona ni mfanyakazi mmoja aliyesimama kando ya reli na bendera, na zaidi yake mwingine aliyesimama kwenye ukingo wa sitaha, akihesabu kwa mkono.

Mkono ulio wazi hupepea taratibu: njoo, njoo. Behewa la kwanza linapita kwenye daraja la chuma na meli inazama kidogo kwa uzito wake. Njoo. La pili. Kamba za meli zinakakamaa, mtu wa sitahani anatazama magurudumu, kisha kizuizi, kisha magurudumu. Mkono unafungwa ngumi. Mwenzake wa bendera anarudia ishara, na huko nyuma, mita nyingi kutoka majini, dereva anavuta breki.